Daftari la Vipimo

Daftari hili nililinunua mwaka sabini na nne,
duka la pembeni, Mtaa wa Narung'ombe,
na ukurasa wa kwanza ni wake.
Kiuno thelathini. Kifua thelathini na sita.
Mabega, nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu,
kumi na tisa kamili.
Kijana alikuwa na mabega, acha tu.
Alitaka suti ya kaunda, rangi ya ugoro,
anakwenda kuhutubia vijana wenzake Mnazi Mmoja.
Nilimkopesha. Alilipa. Hilo nalisema mapema
nisije nikaitwa mwenye kinyongo.

Ukurasa wa kumi na nne: kiuno arobaini.
Siku hizo tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni,
lakini sikuuliza. Fundi hupima tumbo,
haulizi limekula nini.

Mwaka themanini na tano sikuandika kipimo.
Niliandika neno moja, *kung'atuka*.
Nililisikia redioni nikapenda mlio wake,
neno la Bara, limekuja mjini likapewa uenyeji.
Nikadhani tutalivaa wote.
Limebaki kwenye kopo la vifungo
pamoja na vile visivyo na wenzake.

Na mimi? Nina sabini na nane.
Tundu la sindano nalitafuta
kama mlevi anavyotafuta kitasa.
Mwaka juzi nilimkatia mtu suruali,
mguu mmoja ukaupita mwenzake inchi mbili.
Mwenyewe akanyamaza kwa heshima,
na heshima ile ndiyo iliyoniuma.
Jioni hiyo nikampa mkasi Mwajabu,
binti wa marehemu Havijawa.
Si kwamba ni wema. Mkono ulinitangulia kujiuzulu.

Wanasema utu uzima dawa.
Nakubali, mimi mwenyewe naishi kwa dawa.
Lakini geuza kopo, tazama chini:
kuna tarehe.
Wanasema ng'ombe hazeeki maini.
Sawa. Nimekulia Kariakoo, nayajua mabucha.
Maini huyaoni mpaka ng'ombe awe chini.

Amana, dirisha la dawa, pameandikwa
MPISHE MZEE KWANZA.
Napita mbele, nasema asanteni.
Mwezi uliopita nyuma yangu alikuwapo kijana,
shahada yake kwenye bahasha ya kaki iliyolowa jasho,
anauza maji ya chupa kwenye taa za Buguruni.
Akaniuliza, bila ukali:
"Babu, na dirisha la kumpisha kijana liko wapi?"
Nikatafuta jibu mfukoni,
nikatoa kadi ya kliniki.

Juzi amekuja tena, anachukua fomu.
Gari liliegeshwa juu ya mfereji,
wakamshusha watu wawili.
Kule Mchikichini picha yake ukutani ni ileile,
nywele nyeusi, shingo ya jogoo.
"Fundi, yale mambo yetu," akanong'ona, akigusa bega.
Mambo yetu ni sponji.
Kila uchaguzi naongeza safu moja
nchi isione mabega yalivyoshuka.
Hiyo ndiyo siasa yangu, nisijifanye nilikuwa mtazamaji.
Miaka yote hii nimemshonea ujana.

Nikamwambia, mpimaji sasa ni Mwajabu.
Sisi wa zamani tuliandika kimyakimya.
Yeye husoma kwa sauti:
"Bega, kumi na saba. Kiuno, thelathini na mbili.
Mkono wa kushoto umefupika, au anauinamisha?"
Wauza mitumba barazani wakaacha kunadi.
Mheshimiwa akanitazama. Nami nikamtazama,
wazee wawili, kila mmoja na goti moja zima.
"Naweza kukaa?" akauliza.

Nikamvutia kiti.
Nikajiuliza nani aliwahi kumwambia pumzika,
nikakumbuka hata mimi sikuwahi.

"Suti ni ya jukwaani au ya nyumbani?"
Mwajabu, chaki mkononi.
Hakujibu. Alikuwa anapapasa kitambaa,
kama mtu anayekumbuka bei ya zamani.
Daftari liko wazi hadi leo,
tarehe imeandikwa,
mbele yake hakuna kitu.