Bawaba

Baba yetu Kondo alichomelea nusu ya madirisha ya Mbagala Kizuiani,
na sisi tulilala kwenye nyumba yenye pazia mlangoni
hadi mimi nilipofika darasa la nne.
"Nondo za mteja si nondo zangu," alisema.
Vipande vilivyobaki alivihesabu mbele ya mwenyewe.

Umeme ulikatika mchana, ukarudi saa nne usiku;
ndipo alipoanza kazi.
Miwani yake ilikuwa na jicho moja zima.
Alfajiri mama alimbandika vipande vya kiazi kibichi kwenye kope,
naye, kipofu wa saa mbili tatu, huniuliza:
"Zena, saba mara nane?"
Nikikosea anatikisa kichwa, kiazi kinaanguka.

Tranka langu la bweni aliligonga kwa bati la pipa.
Wenzangu walikuwa na mabegi ya magurudumu.
Langu, ukiligusa tu, liliita kama debe.
Ndani, pembeni, kwa msumari,
aliandika 56.

Mageti ya watu aliyafanya yapige kelele, mwizi asikike.
Mlango wetu, ulipopatikana,
bawaba zake alizitia mafuta ya kupikia
ili akirudi usiku asituamshe.
Tulikuwa macho wote. Tulinusa moshi wa chuma,
tukamsikia anavua viatu.
Hakuna aliyemwambia.

Mwaka wa pili huu bawaba inalia.
Jirani anasema, tieni hata tone.
Mama anasema, iacheni.