Zamu ya Jumamosi

Baraza la kanisa limeniandikia:
niache zamu ya Jumamosi,
au jina langu, Okumbe, lifutwe kitabuni.

Nimeisoma barua hapa Dunga, chumba cha pampu,
jicho kwenye karatasi, sikio kwenye mota.
Nambari mbili ina kikohozi tangu Jumatano.
Nikiizima saa tatu, lesoni inapoanza,
saa sita mabomba ya Manyatta yatapiga miluzi,
na wodi ya kujifungulia itaazima ndoo.

Amri ya nne naijua.
Nilimkaririsha binti yangu
kabla hajaweza kufunga kamba za viatu.
Sibishani na Sinai.
Siku nyingine, kusema kweli, nachukia hizi buti.

Ila leo ni Meza ya Bwana.
Nawaona bila kuwepo:
mashemasi wamepanga mabeseni ya bluu,
Mzee Nyangweso, aliyetia sahihi,
amekunja suruali hadi magotini,
anasubiri kutawadhwa miguu.

Mshale wa geji umetikisika,
ukashuka kidogo.
Wamefungua bomba.

Naongeza msukumo.
Barua nimeikandamiza kwa kopo la grisi
isipeperuke.
Sijaijibu.