Fulana ya Aliyeshindwa

Kashinje anapara sangara Mwaloni, Kirumba,
amevaa fulana ya mtu aliyegombea ukuu wa polisi
katika wilaya ya Marekani nisiyoweza kuitamka.
Kifuani nyota tatu, jina Delibati Kroli,
na ahadi iliyopaushwa na sabuni ya mche.
Nikamtafsiria: "Mikono safi, usiku salama."
Akaitazama mikono yake, magamba hadi viwikoni,
akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Alishinda? akaniuliza.
Nikamwambia fulana za washindi haziji kwa marobota.
Nilisema tu. Sina hakika.

Mimi hupiga gitaa la besi. Harusi, ipaimara, misiba,
na mara moja uzinduzi wa mashine ya kukoboa.
Chumba changu cha kurekodia kiko Mabatini, juu ya jabali;
kuta nimezipachika trei za mayai ili sauti isitoroke,
kwa hiyo mgeni akiingia huuliza kwanza bei ya trei.
Kuna mama aliacha hela ya trei mbili, hajarudi.
Deni hilo nalitunza kwenye kopo la nyuzi.

Usiku ule wenzetu kule walipokuwa wakihesabu kura
sisi tulihesabu moja, mbili, tatu, nne,
wimbo wa kwaya ya Nyakato umegoma ubeti wa pili,
vidudu vya ziwani vimejaa kwenye miksa na kwenye chai.
Lubango, mpiga ngoma, alikuwa na redio miguuni.
Redio haina rangi, lakini mtangazaji alisema *nyekundu*
kama mtu anayeiona sahani ikidondoka.
Nyekundu. Buluu. Nyekundu tena.
Sisi tunashabikia ipi? Lubango akauliza.
Nikasema sisi tuko kwenye G, na wewe unakimbia.

Kisha umeme ukakatika, kwao wakaendelea.

Juu ya bati kulikuwa na korongo.
Unawajua hawa wa Mwanza, wenye upara na koti refu,
wanasimama kama makarani wa mahakama iliyohamishwa.
Ukisikiliza ubeti wa tatu kwa makini
utasikia hatua zake: ko, ko, ko.
Nimeziacha. Usiku ule ndiye pekee aliyefuata mapigo.

Dada yangu Limi alihesabu vidonge miaka minane
katika zahanati iliyolipwa kutoka huko huko.
Hakupiga kura. Hakuna aliyemwomba kura.
Matokeo yalimfikia ndani ya bahasha,
sahihi nene, wino mwingi, jina lake limekosewa herufi.
Siku hizi anauza barafu za ubuyu
na bado anazipanga thelathini thelathini,
dozi ya mwezi.

Ile mithali ya fahali na nyasi naijua.
Ila nyasi hazijui majina ya fahali.
Sisi tunayajua, na ya wake zao, na ya mbwa wao,
tunabishana juu yake kwa kinyozi hadi chaja zinaisha moto.
Na wao, Igogo wanaijua?
Hata bodaboda wengine hawaijui, huzunguka.

Huwa namfikiria huyo Delibati.
Asubuhi ile, maboksi ya fulana sebuleni,
mkewe anauliza tuyaweke wapi.
Nami niliwahi kushindwa:
kamati ya harusi ilitupitisha kwa kauli moja
kisha ikamchukua dijei.
Nilibaki na suruali mpya na hasira ya wiki mbili.

Jumamosi Kashinje akaja na kisu chake na kreti tupu.
Akapara hewa, akapara ubao: kwaru, kwaru-kwaru.
Kayamba zuri kuliko nililonunua.
Chumba kikanuka Mwaloni nzima,
nyota tatu zikaruka kifuani,
Lubango akaacha kukimbia, sijui kwa nini,
na ubeti wa pili ukapita.

Tulipomaliza akauliza tena:
kwani alizidiwa kura ngapi?

Nikarudisha nyuma. Tukasikiliza.
Korongo akahamia bati la jirani.