Kiti Kilichorudi

Jalada namba kumi na saba, Nyaraka za Taifa.
Nje wachuuzi wananadi soksi.
Ndani karatasi imegeuka rangi ya uji,
na mwandiko wa karani unalalia kushoto:
askari sitini, wapagazi mia na arobaini,
mzinga mmoja, nyumbu wawili,
bendera mbili, moja ya akiba,
koti jekundu la mtemi, vifungo vya shaba,
kiti cha enzi, kimoja.
Mtemi mwenyewe hakuandikwa.
Labda alihesabiwa pamoja na koti.

Aliyekibeba kiti ni Kasanda, babu yake mama,
Mnyamwezi wa kijiji cha Pangani,
bega lake la kulia lina sugu kama kisigino.
Fundi Kehar Singh alikichonga nyuma ya stesheni
kwa mbao za masanduku ya reli,
kikanuka dawa ya mchwa safari nzima.

Walitoka Nairobi mvua inaanza.
Kinamasi kikala viatu kabla ya adui yeyote.
Kapteni mbele, juu ya nyumbu.
Kimaget, mtawala mtarajiwa, kwa miguu,
maana kiti kilikuwa cha kukaliwa kule, si njiani.

Siku ya kumi na tisa, Lumerei.
Jalada linasema "upinzani mkali".
Kasanda alisema majivu yalikuwa bado na moto,
vibuyu vimeoshwa, vimefunikwa,
milango imefungwa vizuri
kama ya watu waliokwenda harusini.
Ng'ombe hakuna. Mtu hakuna.
Kuku mmoja, kiwete, akaja kutazama.

Kiti kikatengwa uwanjani.
Kimaget akavishwa koti, akakaa.
Mzinga ukapigwa mara saba.
Mkalimani Farjala akasoma tangazo kwa sauti ya mwadhini,
"Enyi watu wa Lumerei!"
na mlima ukamrudishia: rei, rei.
Kimaget akageuza shingo, taratibu,
akauliza swali ambalo Farjala hakulitafsiri:
"Nimtawale nani, kuku?"

Siku tatu wakangoja raia.
Ikaja mishale, usiku, michache,
ikatoboa magunia ya unga tu,
kana kwamba wapigaji walijua idadi ya midomo.
Asubuhi ya nne koti lilikuwa kitini,
limekunjwa, vifungo vyote vimefungwa.
Ndani hamna mtu.

Wakarudi wakila mizizi, kisha ngozi za mikanda.
Walitoka mia na arobaini.
Walirudi mia na kumi na wawili.
Wale ishirini na wanane nimewatafuta jana na leo:
wamo, mstari mmoja,
chini ya nyumbu aliyekufa, ambaye ana jina.

Hapo nikafunga jalada, nikakaa kidogo.
Mhudumu akaniuliza kama nimemaliza.

Bohari likakikataa kiti, hakina stakabadhi.
Mshahara nao ukakatwa: hasara ya unga.
Basi Kasanda akakitwika tena,
safari hii bila kuamriwa,
akaenda nacho kwake.
Pangani ikabomolewa, kiti kikahamia Pumwani.

Kipo hadi leo, uani kwa Bibi Tunu.
Mkono mmoja hauna, mguu wa nyuma umefungwa waya.
Hukalia humo akimenya viazi,
maganda yakidondoka palipopaswa kuwa na raia.
Nilipomweleza nilichokisoma hakuacha kumenya.
Baadaye akainuka, akapangusa mbao kwa kanga.
"Kaa," akasema. "Lakini usiegemee."