Utenzi wa Jokofu

Chiatura ya milima,
Migodi ilipokoma,
Vazha deni lamuuma
Kama mwiba wa kooni.

Mamaye, jina Pepela,
Alikufa anakula;
Hakuaga, bila sala,
Na kijiko mkononi.

Vazha hakupiga yowe.
Akamwambia mkewe:
"Leo ni tisa; tutuwe,
Kesho kumi, ni pensheni."

Akakunjwa kama shuka,
Jokofuni akashuka,
Bata wakamzunguka
Na siagi mapajani.

Bibi karani Lamara
Na mhuri na sigara:
"Bibi yupo?" Kwa busara
Vazha kavaa gauni.

Akajifunika pua,
Kakohoa, kakohoa,
Ndevu zikachungulia;
Karani hakubaini.

Usicheke, msomaji:
Dhiki haina mtaji,
Hukamua jiwe maji,
Kisha tamaa, dukani.

Jirani Gocha kanusa,
Hakuuliza mkasa:
"Baba kafa sasa sasa;
Naomba nafasi ndani."

Vazha akataja kodi,
Na ya umeme zaidi.
Mji ukapiga hodi
Na wafu wao begani.

Majokofu sasa saba,
Bibi chini, juu baba.
Vazha tumbo limeshiba
Na macho bado njaani.

Tsiala asema: "Bili
Ya umeme, mara mbili
Imekuja." "Zangu mali
Zimelala godoroni."

Umeme ukakatika.
Barafu ikayeyuka,
Vifuniko vyainuka
Taratibu, kwa makini.

Pepela kakaa mbele,
Bata yumo kwenye nywele;
Hakupiga makelele:
"Vazha, hesabu mezani."

Vazha kashika kitasa,
Sauti ikamnasa:
"Sisi tunadai pesa,
Na umeme, na amani."

Wakazihesabu noti,
Wakalowanisha viti.
"Wewe," wakasema, "keti.
Ulizaliwa ni lini?"

"Arobaini na sita."
Wafu wakasitasita:
"Pensheni bado kupata,
Kumi na tisa mbeleni.

"Miaka si kitu. Basi,
Mwanangu, ipo nafasi;
Usiwe na wasiwasi,
Huozi ukiwa ndani."

Lamara alipokuja,
Wazee wote pamoja
Wakamwitikia: "Ngoja,
Tunaye bata jikoni."

Kala, kapiga mhuri.
"Vazha je?" "Yuko safari."
Umeme sasa ni shwari,
Jokofu laimba ndani.

Bili Tsiala hulipa
Mapema, tena kwa pupa;
Keshaanza kuikopa
Pensheni ya barafuni.