Nguo Iliyofumba Macho

Bandhani ya kweli haiuzwi ikiwa wazi.
Huuzwa imesinyaa, imejikunja kama jani la mgomba
lililopitiwa na moto, na kila kifundo mahali pake,
ili mnunuzi ajue kuwa mkono ndio uliokaa nayo.
Haya nilifunzwa Wete, barazani kwa Kanku,
mke wa Velji mtia rangi,
nikiwa na miaka minane na pengo la meno mawili.

Ukucha wa kidole chake cha mwisho aliuacha mrefu.
Kwa ukucha huo aliinyanyua hariri, kiasi cha punje ya mtama,
akaizungushia uzi mara tano, sita, akakaza, akahamia nyingine,
bila kutazama,
huku akimgombeza muuza dagaa kwa Kikachi
na kumtaka radhi kwa Kipemba.

Mama yangu alikaa upande wa pili wa baraza ileile,
kofia ya mtu gotini, sindano mdomoni.
Yeye akitoboa, Kanku akifunga.
Mama akitafuta tundu la kupitisha upepo,
Kanku fundo la kuzuia rangi.
Walibishana miaka na miaka kazi ipi inaua macho zaidi.
Mama alimaliza miwani mitatu.
Ya Kanku sikuihesabu.

Divali iliingia mwezi umekufa na karafuu ziko majamvini.
Mji ulinuka karafuu, na juu ya karafuu samli,
na juu ya samli hiliki na unga wa dengu.
Kanku alimimina unga wa mchele kwa ncha za vidole
akachora ua kizingitini, juu ya saruji iliyopasuka;
ufa wenyewe akaufanya shina.
Watoto tuliambiwa tusilikanyage.
Kuku hawakuambiwa.

Mwaka mmoja taa za udongo zilivunjika njiani kutoka Unguja.
Mama akampelekea vifuu vya nazi, kikapu kizima.
Viliwaka. Viwili viliungua vyenyewe,
na Velji akacheka mpaka akakaa chini.

Usiku huo Kanku alinipa uzi.
"Funga kimoja. Kimoja tu, hapa ukingoni."
Nikafunga, ulimi nje.
Alikitazama, akakohoa kidogo, akaendelea na vyake.

Nguo ikatiwa manjano, ikafungwa tena,
ikatiwa wekundu, ikafungwa tena,
ikazamishwa katika weusi wa zambarau iliyoiva.
Ilikuwa haijakauka vizuri walipoondoka.
Waliondoka asubuhi, wakafunga mlango
kama watu waendao sokoni.
Kanku alimwachia mama furushi:
"Mtaivuta siku ya harusi ya huyu."

Mama hakuivuta.
Alisema aliyefunga ndiye afungue, na atarudi tu.
Harusini nilivaa ya dukani, yenye maua ya mashine,
na furushi likabaki kashani chini ya nondo na kafuri,
mama alipokuwapo, na alipokuwa hayupo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Nasriya
alikuwa akitafuta cheti cha ardhi.
"Bibi, hili tambara la nini?"
Nikamwambia ashike pembe ile, mimi hii,
tuvute kwa mshazari, tusiogope.

Uzi uliooza ulitoka kimya.
Uliokuwa mzima ulilia, ta, ta-ta, ta,
kama bisi zinazoanza chunguni.
Macho yakafumbuka safu kwa safu:
meupe, ya manjano, mengine yamevaa pete nyekundu,
mamia kwa mamia, na vumbi la nyuzi miguuni petu.
Pahala pawili hariri ilichanika. Hatukusimama.

Ukingoni kulikuwa na doa lisilokuwa jicho.
Rangi imepenya, imevimba, imekwenda ilikotaka.
"Hapa fundi kakosea," akasema Nasriya.

Nikachukua miwani.
Angeweza kukifungua usiku uleule, mimi nimelala,
akafunga chake.