Kiwiko

Kwenye fomu ya chuo, penye mstari wa nukta,
waliuliza: Kwa nini unataka kuwa muuguzi?
Nikaandika: Ni wito.
Mwandiko wa kupendeza walimu.
Nilikuwa naongopa kidogo.

Sikuitwa na mtu. Nilikabidhiwa taa.

Julai, Matamba. Sakitu imelala juu ya viazi kama chumvi.
Wanaume wanne wamembeba dada Yusta
kwa machela ya mianzi na blanketi,
wanapokezana mabega, wananuka ulanzi na woga.
Mimi mbele na chemli, miaka kumi na miwili,
viatu vya kaka, soksi hakuna.
"Angaza chini! Chini, si machoni petu!"
Ndiyo amri yangu ya kwanza katika kazi hii.

Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja,
Subilaga Mwasomola, mtu wa Tukuyu,
sweta la kijivu juu ya gauni jeupe,
mafua, na ulimi wa upupu.
Wanaume akawafukuza. Mimi akanibakiza:
"Shika taa. Ukitaka kulia, lia, ila usiitikise."
Nililia. Sikuitikisa.

Mtoto alikuja alfajiri, bila sauti.
Akamgeuza, akamsugua mgongo, akampulizia,
akahesabu kwa Kinyakyusa, akaanza tena moja,
mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika.
Kisha akatazama saa
akaandika.

Sasa hapa ndipo penyewe.
Alimimina maji ya moto kwenye beseni,
akachanganya na ya ndoo,
akakunja mkono wa sweta,
akatumbukiza kiwiko.
Akaguna. Akaongeza ya baridi.
Akatumbukiza tena kiwiko.
Ndipo akamwosha,
mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio,
yule ambaye maji yoyote yangekuwa sawa kwake.

Sikuuliza. Yusta alikuwa hai, damu imekata.
Nilirudi nyumbani na masizi ya chemli puani
na kitu ambacho hakienei kwenye mstari wa nukta.

Mshahara? Sikuukataa.
Baba aliuza robo eka ya pareto nipate ada,
na Yusta, aliyeapa hatakanyaga tena hospitali,
ndiye aliyenishonea sare. Ilinibana kwapani
mwaka mzima. Sikumwambia.

Leo Mbeya, wodi ya wanaume, saa tisa na robo usiku.
Umeme umekatika, jenereta linakohoa na kunyamaza.
Kitanda cha saba, mzee Fungo, hana ndugu;
amekwenda kimya kama alivyokuja.
Mwanafunzi wa mazoezi ananimulikia kwa simu,
mwanga unacheza ukutani.
"Sista, si ameshafariki? Maji ya bomba yanatosha."

Nakunja mkono wa sweta.
"Angaza chini," namwambia.

Bado ya moto.
Ongeza ya baridi kidogo.